Nukta Nyekundu Penye Sindano

Mwanangu Mishi,

Amani iwe nawe, na uanze kwa kucheka kwanza, umalize. Babako anaandika barua. Mimi ambaye jina la mwenye pikipiki naliandika kwa chaki juu ya tangi, nalo nalikosea, leo nimekaa ukumbini na daftari lako la zamani la jiografia, nimeligeuza nyuma, naandika.

Alasiri imeshaswaliwa. Wewe uko Mjambere kwa shangazi yako, kuagana na kupakwa hina, na umesema utarudi magharibi. Mamako yuko jikoni akanda unga wa mahamri ya safari, na kila mara achungulia mlangoni aniulize naandika nini. Nimemwambia naandika orodha ya spana. Ameniangalia tu, akarudi kwa unga wake.

Mambo ya blanketi, na baridi ya bara, na watu usiowajua, sitayagusa. Hayo mamako ameyasema, na akimaliza huanza upya. Mimi nina moja tu. Ile injini ndogo ya Daktari Karim, iliyofia Utange mbele za watu, kila mtu hapa Magogoni ajua kwamba uliiua wewe. Si wewe. Niliiua mimi, nikakubandika wewe. Kesho unaondoka kwenda chuo cha ufundi kusomea injini, na sitaki uende na maiti yangu mgongoni.

Haya, nimelisema. Sasa niache nikueleze tangu mwanzo, maana ndani yake mna shukrani nyingi, na nisipozitoa hapa sijui nitazitoa wapi.

Ulikuwa na miaka kumi na minne Daktari alipokuja na lile gari. Wakumbuka? Daktari wa meno, mtu mzima na mvi zake, amekumbatia boksi kama aliyetoka hospitali na mtoto mchanga. Ndani mlikuwa na pikapu ya urefu wa mkono, yenye magurudumu makubwa, imetoka Dubai, yaendeshwa kwa rimoti. Nikadhani ni ya betri. Kumbe ina injini kweli, ya mafuta, kiasi cha ndimu, ina pistoni na kabureta na ekzosi, na moshi wake wanuka mafuta ya mbarika. Tulipoiwasha barazani, Mutua, jirani yetu afanyaye kazi bandarini, aliruka akajimwagia kahawa.

"Fundi," Daktari akaniambia, "yaenda dakika kumi, halafu yazima. Ikipoa yawaka tena. Wenzangu wa mashindano kule Utange wanicheka kila Jumapili."

"Hilo ni joto tu, Daktari. Niachie mimi."

Joto nililijua, ama nilijidai nalijua. Ufundi niliufunzwa Changamwe, kwenye malori, na pale tulikuwa na tabia moja. Lori likija, kabla hujauliza lina nini, watoa thamostati waitupa. Tulisema ile ni ya nchi za baridi, kazi yake kuyazuia maji yasizunguke mpaka injini ishike moto. Huku pwani moto uko tele, ya nini? Nimetupa thamostati nyingi, Mungu anisamehe. Malori yakaenda yamepoa kupita kiasi, yakala mafuta, pistoni zikalika mapema, na mimi nikawalaumu madereva. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba injini haitaki baridi. Yataka joto lake la kiasi, na lile linalozidi lipate njia. Na nilipoelewa sikumwambia mtu, kwa kuwa wangeniuliza, na yale malori je? Huyo ndiye babako. Kosa hulijua, kulisema ndiyo kazi.

Basi lile gari dogo nikaliendea kwa akili ile ile ya malori. Halina rejeta, halina maji. Kichwa cha injini kina mapezi ya aluminiamu; upepo ukipita kati ya mapezi huchukua joto, na mafuta yakiingia hupoza kwa ndani. Ni hivyo tu. Nikasema upepo hautoshi. Nikakata kioo cha mbele cha bodi, ile plastiki nyembamba. Likazima dakika ya kumi na moja. Nikakata na pua. Kumi na moja. Nikachukua kifuniko cha sufuria ya pilau cha mamako, nikakikunja kiwe mfereji wa kuupeleka upepo kichwani. Kumi na mbili, halafu kimya. Kile kifuniko hajanisamehe mpaka leo, na kila akipika pilau hufunika kwa sinia ili nione.

Wewe siku zile ulikuwa ukitoka madrasa wapita mlango wa mbele, katikati ya wanaume wa barazani, "Shikamooni," na wao "Marahaba, mama," na unakuja moja kwa moja chumba cha mbele, gerejini kwangu. Unakaa juu ya kopo la rangi na kuosha mapezi kwa mswaki. Siku moja ulikuja na kucha nyekundu, za harusi ya binamu yako, na kichupa chenyewe mfukoni. Nikakugombeza kwamba hapa si saluni. Ukanijibu kwamba hapa si jiko pia, na kifuniko cha sufuria chatafuta nini? Mutua alicheka mpaka akashika ukuta.

Ilikuwa Machi, na chumba kile kilikuwa tanuri. Mlango wa mbele wazi, dirisha wazi, na hakuna upepo wa kutikisa hata karatasi. Ukaniuliza, "Baba, nifungue mlango wa uani?" Nikakwambia kuku wataingia. Ukafungua. Na upepo ukaingia kwa mlango wa mbele, ukapita juu ya meza yangu, ukashika ukumbi, ukaenda zake uani.

Nikasema, "Alhamdulillahi, upepo umekuja."

Ukasema, "Haukuja, baba. Ulikuwa hapo nje tangu asubuhi. Haukuwa na pa kutokea."

Halafu ukaligeukia lile gari. Nakuona mpaka sasa, mdomo umeachama kidogo. Ukaondoka mbio, ukarudi na chetezo cha mamako, makaa na ubani, na feni ya mezani. Nikakuuliza wataka kulifukiza gari, limefanya nini la kufukizwa? "Ngoja uone, baba." Ukaliweka gari mbele ya feni, chetezo katikati yao, na moshi wa ubani ukaanza kuingia puani mwa gari, pale nilipokata mimi kwa fahari. Ukaingia, ukafika nyuma ya kabini, ukagota, ukazunguka, ukarudi kutokea pale pale ulipoingilia. Ile injini ilikuwa imekaa ndani ya joto lake yenyewe, na kila nilipopanua mbele nilikuwa napanua mlango wa kurudia.

Mishi, mimi ni fundi wa miaka ishirini na mitano. Sijawahi kuuona upepo kwa macho mpaka siku ile, na nilionyeshwa na mtoto mwenye kucha nyekundu na chetezo. Sikukushukuru. Nilisema, "Mmh." Leo nachukua lile "mmh" nalirudisha, na mahali pake naweka ahsante, ahsante sana, mama yangu.

Ukachukua mkasi ukakata kioo cha nyuma, na ukatoboa tena nyuma ya kisanduku cha pikapu. Tukapaita hapo mlango wa uani. Tukajaribu ubani: moshi ukaingia puani, ukapita juu ya mapezi, ukatoka nyuma umenyooka. Hapo tukaliwasha, dakika kumi na tano, dakika ishirini, laenda tu. Ukadondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini, kama mamako anavyopima chuma cha chapati. Tone likiruka na kupotea papo hapo, moto umezidi. Lako lilikaa likichemka polepole, ukahesabu moja mpaka nne. Ukaishika sindano ya kabureta kwa bisibisi ndogo, ile skrubu inayopunguza na kuongeza mafuta, ukaisogeza kidogo, ukasikiliza, ukairudisha. "Hapa hapa, baba. Usiiguse tena."

Jumapili ile Utange ilikuwa yako. Gari la Daktari lilishinda mbio mbili za kwanza, na kila likija Daktari alikuita wewe, si mimi. Ulikuwa ukiitika "Abee," unakwenda na chupa ya mafuta, unadondosha tone lako la maji, unahesabu, unasema "Sawa, Daktari." Watu wakaanza kukuita Fundi Mdogo. Nami nilikuwa nimesimama kando nimeshika kitambaa. Mutua, na utani wake usiokuwa na breki, akanisogelea akasema, "Yakhe, siku hizi wewe ndiye wa kumshikia bintiyo spana."

Nilicheka. Wallahi nilicheka. Na ndani yangu kitu kikanichoma, na kitu hicho jina lake ni wivu, mtu kumwonea wivu mtoto wake mwenyewe. Sikutafutii neno zuri zaidi.

Kabla ya mbio za mwisho ulikwenda kutawadha. Nikaliinua lile gari kama nalipangusa vumbi. Nikaikaza sindano nusu mzunguko. Nilijiambia kwamba sasa injini ina upepo wa kutosha, mafuta yapungue kidogo, spidi iongezeke, na watu waone mkono wa fundi mkubwa. Hesabu ya kijinga. Ile injini hainywi oili mbali. Oili imo ndani ya mafuta yenyewe. Ukipunguza mafuta umepunguza na oili, na upepo wote wa Utange hauwezi kuilainisha pistoni. Wewe ulilijua hilo. Nami nililijua pia.

Ikalia kwa sauti nyembamba, tamu, ambayo sijapata kuisikia. Mizunguko miwili ya uwanja. Halafu pistoni ikashika, ikakwama, injini ikanyamaza, na gari likabingirika mpaka miguuni pa watu.

Daktari akaja akaligusa, akatoa mkono upesi. Akauliza, si kwa hasira, "Nani ameigusa sindano?"

Nikasema, "Ni mtoto, Daktari. Nilimwacha akaishika."

Ulikuwa umesimama hatua mbili nyuma yangu, uso bado una maji ya udhu. Nilingoja useme "Si mimi." Ningekuwa nimekwisha, na pengine ingekuwa nafuu yangu. Ukaniangalia. Halafu ukasema, "Samahani, Daktari."

Daktari hakuwa mtu mbaya. Aliagiza injini nyingine. Lakini alinivuta kando akasema Jumapili ijayo afadhali binti abaki nyumbani. Na barazani wakasema yale wanayoyasema, kwamba injini si kazi ya mtoto wa kike, mkono wake mwepesi mno, ama mzito mno, kila mtu na lake. Nilikuwa nimekaa nao. Nilikuwa nikinywa kahawa. Kutoka siku ile ukaanza kupita mlango wa uani. Ukitoka shule unazunguka nyuma kwa kuku, unaingia jikoni kwa mamako, na kopo lako la rangi likabaki tupu gerejini. Hakuna aliyekuambia upite uani. Hakuna aliyekuambia usipite.

Miaka miwili hivyo. Wasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, na kila siku niliitembea kutoka kitandani mpaka kwenye lile kopo.

Kisha nikaugua malaria, ile mbaya, na mashine ya kusaga ya Magogoni ikazima wanawake wamepanga madebe mpaka barabarani. Walikuja kuniita, nami kichwa sikiinui. Ukachukua mkoba wangu wa spana, ukatokea mlango wa uani, bila kuaga. Ile ni dizeli ya kupozwa kwa upepo, imefungiwa ndani ya kibanda cha mabati, mlango mmoja. Uling'oa bati la nyuma. Hivyo tu, ukang'oa bati, ukasafisha mapezi yaliyojaa unga, ikasaga mpaka jioni. Halafu ukarudi kitandani kwangu ukaniambia, "Imebaki skrubu ya mafuta, baba. Hiyo utaweka wewe ukipona."

Na tangu hapo ikawa desturi. Ulirudi gerejini, tukashikana kazi, jenereta, mashine za unga, pampu. Kila kitu wafanya, na ukifika kwenye mafuta wasimama wasema, "Hiyo weka wewe, baba." Nilidhani ni woga. Nilidhani nimeuvunja mkono wako, na kila ukisema vile moyo wangu ulikuwa wakatika, lakini mdomo haukufunguka. Na kazi zikaja, kwa sababu wenye mashine wote wa Utange na Mjambere wakataka vibanda vyao vitobolewe nyuma. Wakanipa jina, Fundi Upepo. Nikalipokea. Jina lako, Mishi, nimelivaa miaka mitatu kama kanzu ya kuazima, na nimeula wali wake.

Sasa sikia la leo, maana ndilo lililonikalisha na daftari hili.

Baada ya adhuhuri niliingia gerejini kutafuta kitu cha kukupa. Nikaikumbuka ile injini iliyokufa. Daktari aliniachia, nikaipokea ndani ya kopo la maziwa, nikalisukuma nyuma ya rafu, na sikulifungua tena. Leo nimelifungua. Nimeipangusa kwa petroli, mapezi, kabureta, nikafika kwenye sindano, na chini ya uchafu nikaona nukta ya rangi ya kucha. Nyekundu. Ndogo kama chembe ya mtama. Na nyingine kwenye mwili wa kabureta. Uliweka alama, Mishi. Siku ile uliyoniambia "hapa hapa, usiiguse tena," ulizilinganisha nukta mbili, ile ya sindano na ile ya kabureta, ukazitia kwa kile kichupa nilichokugombezea.

Leo haziangaliani. Moja iko juu, moja iko chini. Nusu mzunguko kamili.

Na wewe ndiwe uliyeifungua injini ile kwenye gari, jioni ile ile ya Utange, hapa mezani, nimekupa kazi hiyo kwa kuwa sikuweza kuitazama. Basi uliziona. Ulijua. Ulikuwa na ushahidi mkononi, wa rangi nyekundu, na Daktari amekaa hapo barazani anakunywa chai. Ukaitia injini ndani ya kopo, ukafunga kifuniko, ukanipa.

Nimekaa na kopo lile mapajani. Mamako aliingia akaniona nalia, akadhani ni kwa sababu waondoka. Nikamwachia adhani.

Hukuogopa sindano. Sasa naelewa, ama nadhani naelewa, na nikikosea unisahihishe. Ulikuwa waniachia mimi kwa makusudi, kila mara, ili mtu asije akauliza tena "nani ameigusa," na mimi nikaingia majaribuni. Ulinisitiri. Mtoto wa miaka kumi na minne alimsitiri babake mbele za watu, na akaendelea kumsitiri miaka mitano, na hakumwekea hata neno moja la kumchoma. Mimi ndiye niliyefaa kukusitiri wewe. Sikujua kwamba nyumbani mwangu mna mtu mkubwa hivyo, na nilikuwa nikimtuma maji.

Wasema kosa moja haliachi mke. Mwana je? Sikuombi unijibu leo. Msamaha si bati, haung'olewi kwa siku moja.

Lakini sitara yatosha, mwanangu. Hii ya kwako nimejifunika nayo mpaka imenitia joto. Nimempelekea salamu Daktari aje kesho asubuhi, na Mutua nimemwita, na wale wote wa barazani wanaopenda mahamri ya mamako. Wanadhani wamealikwa chai ya kukuaga. Chai wataipata, lakini kwanza watanisikiliza. Nitasema nani aliigusa sindano Utange, na nitasema Fundi Upepo ni nani. Barua hii nakupa leo utakaporudi, kabla ya kesho, kusudi nisipate pa kukimbilia. Najijua. Ukiniona naanza hadithi za Changamwe, kohoa.

Na ukitoka, utoke mlango wa mbele. Na sanduku lako, na hina yako, katikati yao, na uwape shikamoo kama zamani. Mlango wa uani nitaufungua mimi mwenyewe, kuku waingie wakitaka.

Injini nimeifunga kwa kanga kuukuu ya mamako, nimeitia sandukuni chini ya sweta. Atalalamika juu ya mafuta, mwache alalamike. Pistoni imeshika, haitawaka tena, lakini kule chuoni wanaweza kukuonyesha ndani yake mambo ambayo mimi sikuyajua. Nimeweka na ile bisibisi ndogo. Nimeipangusa kila mahali isipokuwa pale penye nukta, na sindano sikuigeuza. Iko pale pale nilipoiacha mimi. Irudishe wewe, kwa mkono wako.

Ni mimi babako, mshika spana wako,
Athmani